Kutoka soko la Kenya hadi Panda, nikifuata pilipili waridi

Jumatatu, Lubumbashi

Kichupa cha pilipili waridi katika duka kubwa la katikati ya mji kinauzwa dola nane. Ndani mna punje kavu, nyepesi kabisa, wekundu wake umefifia kidogo, na kwenye kibandiko wameandika kwa Kifaransa baies roses, zimetoka Madagaska. Nimelipa bila kubishana. Nina mteja ng'ambo ya mpaka, mwenye duka la sabuni na manukato, ambaye tangu mwezi uliopita ananiuliza jambo moja tu: kitu hiki kinapatikana kwenu Katanga, na mafuta yake unaweza kuyatoa wewe mwenyewe? Ili nisimletee kitu kingine, amenitumia tone la mafuta ya kiwandani katika kijichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho.

Kwa wasioijua, pilipili waridi haina undugu na pilipili manga, wala na pilipili kali ya kwenye sahani ya michopo, nyama choma yetu. Ni tunda dogo la mti wa jamii ya mwembe na mkorosho. Wapishi wa Ulaya huinyunyiza juu ya samaki, nadhani kwa ajili ya rangi zaidi kuliko ladha. Watengeneza manukato ndio wanaoichukua kwa uzito. Mwaka 1995 kampuni ya Estée Lauder ilitoa manukato yaitwayo Pleasures, na humo pilipili waridi iliwekwa mbele, juu ya maua, bila kufichwa. Tangu hapo imeingia katika manukato mengi mno, ya kike na ya kiume. Kazi yake ni ya dakika za mwanzo. Ukijipulizia, ndiyo inayotangulia kufika puani, kavu na changamfu, inalipunguzia waridi uzito wake, halafu inaondoka na kuyaachia maua uwanja.

Nimeketi kitandani na kuiponda punje moja kati ya kucha mbili. Ganda la nje linavunjika kwa mlio mdogo na kutawanyika, jembamba na kavu, halina harufu kubwa. Ndani kuna mbegu ngumu ya rangi ya udongo. Harufu yote imekaa katikati, kwenye utando wa nata unaoshika vidole: limau, utomvu wa msonobari, halafu nyuma yake pilipili isiyochoma. Nimenawa mara mbili na bado ipo.

Mchana nimeshuka soko la Kenya. Msomaji wa mbali asichanganyikiwe: Kenya ni komini mojawapo ya mji wetu, na soko lake halilali. Mama wa viungo ninayenunua kwake karafuu zangu amechukua punje, akaitafuna, akaitema kwenye kiganja.

"Mama, hii iko dawa ya kifua. Haiko ya kula."

Majirani zake wamepitisha kichupa mkono kwa mkono, kila mmoja na hukumu yake. Mmoja amesema ni mbegu za kutengenezea shanga. Aliyenipa njia ni kijana wa puspus, yule wa mkokoteni, aliyekuwa amesimama anangoja mzigo wa unga.

"Yaya, ile iko Likasi, kule Panda. Kwenye nyumba za Wazungu wa zamani. Tulikuwa tunaipuliza na mirija ya majani ya papai, tunapigana nayo."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akanionyesha kovu dogo chini ya jicho.

Jumanne, Lubumbashi

Kabla ya kupoteza nauli nimepita Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kitivo cha kilimo, kwa mwalimu mmoja ambaye hununua sabuni zangu za mwarobaini. Nilitaka kujua kijana wa puspus na kibandiko cha Madagaska wanazungumzia mti mmoja au miwili.

Ni miwili. Wa kwanza ni Schinus terebinthifolia, asili yake Brazili na nchi jirani, na ndio unaojaza vichupa vya madukani kutoka Brazili, Madagaska na kisiwa cha Réunion. Majani yake ni mapana kiasi, na matunda hukaa kwenye vishada vilivyobanana. Wa pili ni Schinus molle, mti wa Peru na milima ya Andes, ambao Waswahili wa mashariki huuita mpilipili. Huu matawi yake huning'inia hadi karibu na ardhi, vijani vyake ni vyembamba na vingi, na matunda yake huning'inia kwenye vishada virefu vilivyolegea. Wakoloni waliupanda barani Afrika kwa ajili ya kivuli na urembo, kwa sababu unavumilia ukame na udongo mbaya. "Kama ni Panda, kwenye nyumba za mgodi," mwalimu akasema, "mimi ninaweka dau kwa molle."

Nikamuuliza kama manukato hujali tofauti hiyo. Akacheka, akasema mti wenyewe haujali hata kufanana na wenzake. Mafuta ya miti hii yote miwili yamejengwa kwa vitu vilevile vya harufu, felandrini, limonini, pinini na wenzao, lakini vipimo hubadilika kutoka mti hadi mti, msimu hadi msimu, na hata kutoka tunda bichi hadi lililokauka. Nimeliandika hilo na kulipigia mstari, maana hapo naona ndipo ugomvi na mteja wangu utakapotokea.

Ameniambia mengine mawili ambayo ni lazima yaandikwe. La kwanza, mti una jinsia: kuna dume na kuna jike, na dume hata umbembeleze vipi hazai. La pili, aliye na mzio wa korosho ajihadhari, kwa kuwa ni ukoo mmoja. Mwaka 1982 Marekani ilizuia pilipili waridi iliyokuwa ikiingia kutoka Réunion kwa sababu ya malalamiko ya watu walioumwa tumbo na kubanwa pumzi. Baadaye ikaachiwa, lakini onyo halikufutika.

Halafu akanionya kwa sauti ya mwalimu kabisa: nisije nikaagiza miche ya ule wa Brazili na kuipanda kwa tamaa. Ndege wanapenda matunda yake na kuyasambaza, na Florida, Hawaii na huko Réunion kwenyewe umegeuka gugu linalosonga miti mingine. Nimemwahidi. Miombo yetu, misitu ya huku, inatosha kuuawa na uchomaji wa makala, mkaa wa kupikia, haihitaji adui mwingine.

Jumatano, njiani hadi Likasi

Karibu kilomita 120, basi limejaa, vioo havifunguki, magari ya madini yanatupita na kutuachia vumbi. Ni Juni, asubuhi kulikuwa na baridi ya kuvalia makoti mawili na saa sita jua likachoma. Kituo cha ushuru wa barabara, ndizi, karanga, kituo kingine. Sina la kuongeza.

Likasi ilikuwa ikiitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, na imekaa juu ya vilima, si tambarare kama kwetu. Nimefikia Kikula, komini mojawapo ya mji huo, kwa shangazi yangu, ambaye amenikaribisha kwa bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, na kunisomea orodha ya watoto wa ukoo wanaosubiri karo. Jioni nimetoka kidogo kwenda Panda kuchungulia, na hata kabla sijaona mti nimeona matunda. Yamelala kando ya mfereji wa maji ya mvua, mekundu juu ya vumbi jekundu, na binti mmoja anayafagia pamoja na majani.

"Unayapeleka wapi?"

"Kwenye moto, mama. Yananukia vizuri yakiungua."

Alhamisi, Panda

Kijana wa puspus alisema kweli. Kuna mipilipili katika mtaa mmoja wa nyumba za zamani za mgodi, zile zenye baraza pana na mabati yaliyopakwa rangi ya kijani miaka hiyo. Mingine ni dume, kavu, haina kitu. Majike yamefunikwa vishada kutoka juu hadi chini. Muzee mmoja mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwenye miti mitatu uani kwake, amesikiliza shida yangu hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu.

"Haya majani yangu unataka kuyanunua au kuyafagia?"

"Matunda, muzee. Kuyanunua."

"Basi kaa kwanza, tunywe munkoyo."

Tumepatana kwa ndoo. Sitaandika bei, kwa sababu wasomaji wa Likasi watampandishia jirani yao au watanilaani mimi.

Kuvuna si kazi ya kupenda. Matawi yananata, utomvu unaingia kwenye mikunjo ya vidole na kugeuka mweusi, na ukijisahau ukajifuta jicho, utajuta hadi usiku. Wajukuu wa muzee walikuwa wamepewa likizo, wakanisaidia, na wao ndio walionifundisha jambo ambalo mwalimu wa kitivo hakunitajia. Mtoto wa kike alikata kijani kimoja vipande vidogo, akavidondosha kwenye beseni la maji. Vikaanza kurukaruka. Kimoja kinasukuma mbele, kinasimama, kinasukuma tena, huku mkia mwembamba wa mafuta unang'aa nyuma yake juu ya maji. Mafuta yamebanwa ndani ya mishipa ya jani kwa nguvu kiasi kwamba ukilikata yanachuruzika kwa kishindo na kukipiga kipande teke. Wao wanaita mashindano ya mitumbwi, na wana sheria zake, na wa kwangu ulishindwa.

Hapo ndipo nilipoanza kunusa mti mmoja mmoja. Sikuwa nimepanga. Nilivunja tunda la mti wa mbele, nikavunja la mti wa nyuma, nikarudi mbele. Mti ulio karibu na mfereji, ule wa binti mwenye ufagio, una limau nyingi kupita wenzake, na chini yake kuna utamu fulani ambao sikuupata kwenye kichupa cha dola nane. Mti wa karibu na jiko la muzee umejaa utomvu, mkali, wa kiume. Wa tatu uko katikati, hauna makosa wala haiba. Ni miti ya uwanja mmoja, imekunywa mvua moja. Nimeweka kila mmoja katika mfuko wake na kuufunga kwa kamba ya rangi tofauti, muzee akiniangalia kwa huruma.

"Mama, pilipili ni pilipili."

Nimempa anuse mfuko wa mfereji, halafu wa jiko. Akanyamaza, akarudia, akaita mke wake aje anuse pia. Wameanza kubishana ni upi unaofanana na duka la dawa la Mzungu fulani wa mwaka 1958, nikawaacha.

Ijumaa, Kikula

Matunda yametandazwa kwenye kivuli juu ya magunia ya shangazi. Jua kali lingeondoka na nusu ya kile nilichokifuata. Nimetoa majani, vijiti, na mende mmoja.

Shida ya leo ni chombo. Vyombo vya kukenekea, yaani vya kutoa mafuta kwa mvuke, vya watengeneza manukato vya jadi, huko Grasse kusini mwa Ufaransa, vilikuwa vya shaba, na mimi niko katika mji wa shaba bila hata sufuria ya shaba. Shangazi ndiye aliyetatua. Nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mama anayepika lutuku, pombe kali ya kienyeji inayokenekwa, na kila mtu mwenye kupika lutuku ana pipa, ana bomba, ana subira. Tumekwenda wawili. Shangazi amezungumza kwanza, habari za ugonjwa wa mguu, habari za mazishi ya mwezi uliopita, kisha akanisukuma mbele.

Mama huyo ni mwembamba, ana sauti ya kikubwa, na hakupenda neno manukato. Alidhani nataka kutengeneza pombe ya kushindana naye. Nimemfungulia mfuko. Amenusa, akainua nyusi.

"Na hii unaiuza kwa nani?"

"Kwa watu wa kujipaka."

"Basi haina ubaya. Kesho saa kumi na mbili. Kuni zako, maji yako."

Bomba lake ni la mukuba safi, yaani shaba. Sikuuliza lilitoka wapi. Likasi swali hilo haliulizwi.

Jumamosi, Kikula

Nieleze mtambo, kwa sababu wengi mnaniandikia mkiuliza. Chini kuna nusu pipa juu ya mafiga matatu. Ndani tumeweka maji, kisha mawe, kisha wavu wa chuma juu ya mawe, ili matunda yakae juu ya maji bila kuyagusa. Yakiguswa na maji yanayochemka, yanapikika, na yanayoungua pembeni hutia harufu ya moshi isiyotoka tena. Juu kuna kifuniko chenye tundu, kwenye tundu limeingia bomba, na bomba linashuka likipita ndani ya hori la maji baridi hadi kwenye chupa. Mvuke unapanda, unapita katikati ya matunda, unabeba mafuta, unafika kwenye baridi na kugeuka maji tena. Mafuta na maji hayapatani. Mafuta ni mepesi, yanaelea. Hiyo ndiyo elimu yote.

Viungo vya pipa huziba kwa unga. Mama amepika bukari ngumu kidogo, akaibandika kuzunguka kifuniko na shingo ya bomba kwa dole gumba, anaigeuza, anaibonyeza, anaipitishia kidole chenye maji, mpaka hapakuwa na mahali hata pamoja panapotoa moshi. Bukari hiyo ikikauka kwa joto inakuwa ngumu kama kigae. Nimeona picha za mitambo ya Ulaya yenye mihuri ya mpira na skrubu, na sidhani inaziba vizuri kuliko ile.

Kwanza tumechemsha maji matupu kwa muda mrefu, ili mvuke ulioshe bomba. Matone ya mwanzo yalinuka lutuku kiasi cha kulewesha shangazi aliyekuwa amekaa upande wa upepo. Tuliendelea mpaka maji yakatoka hayana harufu ya kitu. Ndipo tukapakia mfuko wa mti wa katikati, kama wa kujaribia.

Tone la kwanza lenye mafuta halina rangi. Likaanguka juu ya maji ya chupa, likatandaa, likakusanyika upya na kuwa jicho dogo linalong'aa. Halafu likaja la pili, na uwanja mzima ukanukia. Watoto wa jirani wakatoka. Mama wa lutuku akasogeza kigoda chake karibu na chupa, na hakuondoka hapo tena.

Baada ya saa moja alitaka kuzima moto. Katika lutuku, kikombe cha kwanza ndicho chenye nguvu na kinachofuata ni maji yanayojidai. Nikamwomba tuendelee. Katika matunda haya, vitu vyepesi, vile vya limau na utomvu, vinawahi kutoka. Vile vizito, vinavyofanya harufu ikae kwenye ngozi badala ya kupaa mara moja, vinachelewa. Ukizima mapema unapata mafuta mazuri ya kunusa kwenye chupa, yasiyofika hata mlangoni ukijipaka. Akakubali kwa sharti kwamba kuni za ziada nilipe mimi, na watoto wakaendelea kubadilisha maji ya hori kwa ndoo kila yalipopata uvuguvugu.

Tukiwa tunangoja nimempigia hadithi ya Peru. Kule, zaidi ya miaka elfu iliyopita, watu wa dola ya Wari walipika pombe kwa matunda ya mti huuhuu wa molle. Juu ya mlima uitwao Cerro Baúl wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kiwanda kizima cha pombe hiyo, mbegu za molle kwa wingi, na pini za kufungia shela, zile za wanawake. Wakasema wapikaji walikuwa wanawake, tena wa heshima.

Mama akaweka kuni chini.

"Wa heshima?"

"Wa heshima sana."

"Shangazi yako amesikia?"

Shangazi alikuwa amesikia.

Mchana tumekeneka mfuko wa jiko, na jioni mfuko wa mfereji, kila mmoja na chupa yake. Mafuta nimeyavuta juu ya maji kwa bomba la sindano ya famasi, polepole, nikiacha tabaka jembamba la mwisho ili nisivute maji. Ukijumlisha chupa zote tatu hazijazi glasi ya chai. Nimezijaza hadi shingoni katika vichupa vya kahawia, kwa kuwa felandrini na limonini hazipendi hewa wala mwanga: zikikaa wazi huzeeka, harufu inapooza, na mafuta yaliyozeeka ndiyo yanayowasha ngozi za watu. Anayewauzia mafuta ya aina hii katika chupa nyeupe ya soda iliyojaa nusu, mkimbieni.

Nilitaka kuosha pipa. Mama akakataa, akasema pipa lake analijua mwenyewe.

Jumapili

Misa, bukari, kuku, usingizi. Muzee wa Panda ametuma mjukuu kuuliza kama nitarudi mwakani, kwa sababu binti wa ufagio ameambiwa asichome tena.

Jumatatu, Lubumbashi

Nimefika usiku jana, na leo nimefanya kazi ya pua. Karatasi nne zilizokatwa nyembamba, tone moja kila karatasi: mfereji, jiko, katikati, na lile la kiwandani la mteja. Nimenusa papo hapo, baada ya robo saa, na mara ya tatu baada ya chakula cha mchana.

La kiwandani ni safi kuliko yangu, na sitalificha hilo. Baadhi ya viwanda vikubwa siku hizi vinaacha mvuke na kutumia gesi ileile ya kaboni tunayoitoa mapafuni. Ikipashwa kupita nyuzi 31 na kukandamizwa zaidi ya mara 70 ya uzito wa hewa ya kawaida, gesi hiyo inakuwa si gesi kamili wala si kimiminika, inapenya kwenye tunda na kuyeyusha harufu bila kuipika. Ukiachia mkandamizo, gesi inaondoka yenyewe na kuacha mafuta. Ndiyo maana tone la mteja linanukia tunda lililovunjwa sasa hivi, na ya kwangu yananukia tunda lililopita karibu na jiko. Pipa la Kikula halitafika nguvu hizo, labda lilipuke.

Lakini baada ya robo saa karatasi ya mfereji ilikuwa na kitu ambacho lile la kiwandani halikuwa nacho, ule utamu wa chini, unaoelekea kwenye waridi lakini haufiki. Nimempa mwanangu anuse bila kumwambia chochote. Ameshika karatasi ya mfereji.

Nikamwandikia mteja ukweli wote: ni mpilipili wa Peru na si ule wa Brazili, umekenekwa kwa mvuke, kila mti una tabia yake, nakutumia picha za karatasi na matone matatu kwa basi la kesho. Jibu lake limekuja kwa haraka kuliko kawaida yake. Hataki kusubiri matone. Anataka lita mbili, na anataka zifanane na lile la kiwandani, na za mwakani zifanane na za mwaka huu.

Nimefikiri juu ya hilo siku nzima nikikata sabuni. Biashara ya manukato inazungumza habari za harufu, lakini inacholipia hasa ni kufanana. Mtu aliyenunua chupa leo akirudi baada ya miaka kumi anataka kilekile, na nyuma ya ahadi hiyo kuna maabara, kuna vipimo, kuna watu wanaochanganya mavuno ya mashamba mengi hadi tofauti zimemezana zenyewe. Sina ugomvi nao, hata wateja wangu wa Kamalondo hugomba sabuni ikibadilika rangi. Ila miti mitatu ya uani kwa muzee haiwezi kuahidi hivyo, na mti bora kuliko yote ndio usiofanana na mwingine.

Kwa hiyo nimemjibu hivi. Nitamchanganyia mafuta ya jiko na ya katikati, na ya miti mingine ya mtaa huo nitakayovuna kabla Agosti haijaisha, yote katika chombo kimoja, ili apate mchanganyiko mmoja wa mwaka mmoja. Itakuwa nusu lita, si lita mbili. Mwakani itakuwa nyingine, na nitamtumia tone kabla hajalipa. Kama anataka kufanana kamili, Réunion wapo, na bei yao anaijua. Mafuta ya mfereji hayamo katika hesabu hiyo. Hayo yanaingia kwenye sabuni yangu, matone machache kwa kila sufuria, na kwenye kibandiko nitaandika kwa herufi kubwa kwamba mwenye mzio wa korosho asiiguse.

Hajajibu bado.

Aliyepiga simu ni mama wa Kikula. Jana jioni amekeneka lutuku yake ya mahindi kama siku zote, imetoka ina harufu ya limau na pilipili, imekwisha kabla ya saa mbili usiku, na sasa watu wako mlangoni kwake na vibuyu wanataka ileile. Ameniuliza nimwambie binti wa ufagio awe anampelekea ndoo ngapi.